Mkono mmoja unaoifundisha kompyuta kupaka molekuli rangi

Saa mbili asubuhi, watafiti wakiwa bado wanasalimiana kwenye korido, mwanamke aliyevaa koti jeupe anavuta kiti kwa goti, anakaa, kisha anaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto na kuulaza juu ya mto mdogo kando ya kibodi. Anaulaza taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Halafu kazi inaanza. Mkono wa kushoto unatembea peke yake juu ya herufi, unarudi nyuma, unafuta, unaandika tena. Kwenye skrini kuna kitu cha kijivu kilichojisokota, mfano wa uzi uliochezewa na paka. Akimaliza kuandika, anausogeza ule mkono wa kulia, anakibonyeza kitufe kikubwa kwa ubavu wa ngumi, na anangoja.

Uzi unabadilika mbele ya macho. Misokoto inakuwa ya buluu, tepe bapa zinakuwa za buluu nyepesi, vingine vyote vinafifia, na katikati, ndani ya kijishimo ambacho hapo awali hakikuonekana kabisa, kinang'aa kitu kidogo cha rangi ya chungwa.

"Hapo sijashika rangi hata moja," anasema huku akicheka. "Nimeiambia tu nani ni nani. Kupaka inapaka yenyewe."

Katika taasisi hii ya utafiti wa dawa, kila mtu anamwita Bi Rangi. Hata mlinzi wa getini, ambaye hajawahi kuiona molekuli, akiulizwa anaelekeza: "Panda ngazi, mlango wa mwisho, kwa Bi Rangi."

Kazi yake ni kutengeneza picha za vitu visivyoonekana kwa macho. Watafiti wanachunguza protini za kimelea kinachosababisha homa, na wanatafuta kemikali inayoweza kujipenyeza ndani ya protini hizo na kuzikwamisha. Kompyuta huichora kila protini atomu kwa atomu. Tatizo ni kwamba atomu ni nyingi mno, na zikiwa za rangi moja, mtu anatazama rundo la mchanga.

"Mtafiti anataka kujua jambo moja," anaeleza Bi Rangi. "Dawa yangu imekaa wapi, na imegusana na nani. Rangi ndiyo inayomjibu. Ukikosea rangi, umemdanganya."

Hakuanza maisha akiwa mtaalamu wa molekuli. Aliajiriwa hapa akiwa mpiga chapa, enzi ambazo barua zote za taasisi zilipitia kwenye vidole vyake kumi. Siku moja mtafiti aliyekuwa amebanwa na muda alimwomba amsaidie kupaka picha moja. Alimwonyesha pa kubonyeza, akaondoka. Aliporudi alikuta picha imekwisha, na Bi Rangi ameshaanza ya pili bila kuombwa.

Tangu hapo hakurudi tena kwenye barua. Alipelekwa mafunzo, akapewa meza, na kwa miaka mingi alipaka molekuli kwa kipanya. Anachagua kipande, anachagua rangi. Kipande kingine, rangi nyingine. Picha moja ilimlia asubuhi nzima, na akibadilishiwa mawazo na mtafiti, anaanza upya.

"Nilikuwa naipenda hivyo hivyo," anasema. "Nilijisifu kwamba mkono wangu hautetemeki. Nilikuwa sijui naongea nini."

Kiharusi kilimkuta jikoni, anaosha vyombo.

Mumewe, fundi cherehani anayeshonea sebuleni, anaikumbuka siku ile kuliko yeye mwenyewe. "Nilisikia kikombe kimeanguka, nikasema ah, kikombe tu, nikaendelea kushona," anasimulia huku mguu wake ukicheza juu ya pedeli ya mashine. "Kilichonishtua ni kimya kilichofuata. Mke wangu akivunja kitu huwa anakigombeza. Siku hiyo hakugombeza."

Alimkuta amekaa sakafuni, anamtazama. Mkewe alitaka kumwambia asikanyage vigae vya kikombe. Maneno yalitoka yamevunjikavunjika, hayaeleweki.

Maneno yalirudi, polepole. Mguu nao ulirudi, ingawa mpaka leo akipanda ngazi anashika ukuta. Mkono wa kulia haukurudi. Vidole vilijikunja vikabaki hivyo, na daktari alimwambia wazi kwamba huenda visikunjuke tena kama zamani.

Mshahara ulipunguzwa nusu akiwa likizo ya ugonjwa. Mumewe alipokea kazi ya kushona sare za shule, na sebule ikajaa mafungu ya vitambaa hadi wageni wakawa wanapokelewa mlangoni.

Mgeni mmoja aliingia hata hivyo. Ni mkuu wa kitengo, mwanamke ambaye Bi Rangi amefanya kazi chini yake tangu wote wawili wakiwa wasichana. Alikaa juu ya fungu la sare, akanywa chai, akaulizia dawa na mazoezi. Kisha akasema lililomleta.

"Dada yangu, sitaki urudi kuteseka. Nimezungumza na utawala. Kuna nafasi mapokezi. Unakaa, unapokea wageni, unapumzika."

Bi Rangi alimshukuru. Alimsindikiza kwa macho mpaka mlango ulipofungwa, ndipo akalia.

"Mapokezi si kazi mbaya," anasema sasa. "Dada wa mapokezi ni rafiki yangu na anajua kazi yake. Lakini ile haikuwa kazi yangu. Nilijiona kama kiti kibovu kinachosogezwa pembeni ili watu wapite. Wananisogeza kwa upendo, lakini wananisogeza."

Usiku ule hakula. Mumewe alipomuuliza anataka nini, alijibu kwa neno moja ambalo alilitamka vizuri kuliko yote tangu augue: "Kompyuta."

Walikuwa na kompyuta ya mapajani ya zamani, ambayo kifuniko chake kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa kushonea. Asubuhi aliifungua mezani, akafungua programu ya kuchora molekuli, akajaribu kipanya kwa mkono wa kushoto. Kila alipolenga kipande kimoja, kishale kilirukia cha jirani. Alijaribu mpaka bega likamuuma. Alikuwa karibu kuifunga alipoiona tena ile sehemu ndogo chini ya skrini, mstari mweupe ambao kwa miaka yote aliupita kana kwamba haupo.

Alijua ni wa nini. Ni mahali pa kuiandikia programu amri badala ya kuishika kwa kipanya. Baadhi ya watafiti huutumia. Yeye hakuwahi kuuhitaji.

"Nikajiambia, mimi si nilikuwa mpiga chapa? Vidole vitano vimegoma, vitano vipo. Wacha niandike."

Aliandika neno moja moja, akitafuta kila herufi. Aliiamuru programu ipake molekuli yote kijivu. Akabonyeza. Ikawa kijivu.

"Nilipiga yowe," anasema.

Mumewe aliacha mashine akaja mbio, sindano mdomoni. "Nilijua kiharusi kimerudi," anasema. "Nafika, nakuta mtu anacheka, ananionyesha kitu cha kijivu. Nikamwambia, mama watoto, uzuri wake nini? Kijivu hiki hata kwa suruali sikishoni."

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ikawa na mafundi wawili, kila mmoja kwenye mashine yake. Bi Rangi alisoma maelekezo ya programu ukurasa kwa ukurasa. Aligundua kwamba amri nyingi zinaweza kuandikwa pamoja katika faili moja, zikafuatana zenyewe bila mtu kuzisimamia. Watu wa kompyuta wanaiita skripti. Yeye humweleza mumewe kwa lugha anayoielewa: ni kama kukata kielelezo cha karatasi mara moja, kisha kila kitambaa kinakatwa kwa kielelezo hicho hicho.

Haikuwa rahisi. Akisahau nukta, programu inamgomea. Akiandika herufi kubwa badala ya ndogo, inamgomea. Kuna siku alishinda akigombana na mstari mmoja, na jioni akagundua ameacha nafasi mahali pasipotakiwa.

"Ilikuwa inanijibu kwa maandishi mekundu, kosa, kosa, kosa," anasema. "Mume wangu akasema huyo mke mwenzio ana mdomo."

Mtu mwingine aliyemgomea alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye wagonjwa wote humwita Mwalimu. Alipoona mgonjwa wake anafanya kila kitu kwa kushoto, hakufurahi.

"Nilimwambia, mama, ukiusahau huo mkono, nao utakusahau," anasema Mwalimu, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya upole isiyokubali ubishi. "Tukapatana. Wa kushoto uandike, lakini kila amri ikikamilika, kitufe cha kuiruhusu kibonyezwe na wa kulia. Hata kama ni kwa ngumi. Hata kama inachukua muda."

Mwanzoni ilichukua muda kweli. Ngumi ilikuwa inaangukia vitufe vitatu kwa pamoja. Mumewe alimshonea mto wa kuulaza mkono karibu na kitufe, akaujaza vipande vya sare vilivyobaki.

Likizo ilipokwisha, Bi Rangi hakwenda mapokezi. Alipanda ngazi akishika ukuta, akagonga kwa mkuu wa kitengo.

"Nipe ile kazi ya kulinganisha," alimwambia.

Ile kazi ilikuwa inasubiriwa na jengo zima. Watafiti walikuwa na kemikali nyingi walizozijaribu ndani ya protini moja ya kimelea, na walitakiwa kukutana wachague chache za kuendelea nazo. Kila kemikali ilihitaji picha yake, na zote zipakwe kwa mpangilio uleule, la sivyo hakuna kulinganisha. Picha ambazo zisingeeleweka zingeweza kuifanya dawa nzuri itupwe.

Mkuu alivua miwani. "Dada, hiyo hata kwa mikono miwili ni kazi."

"Kwa mikono miwili, ndiyo. Sitaifanya kwa mikono. Nipe, na nikishindwa nitashuka mapokezi mwenyewe, hutanisukuma."

Mkuu anakiri kwamba alikubali akiwa na wasiwasi. "Nilimpa kwa sababu nilishindwa kumwangalia machoni nikamwambia hapana," anasema. "Na pembeni nilimtayarisha mtu mwingine, endapo angeshindwa."

Bi Rangi alijua kuhusu huyo mtu mwingine. Aliandika skripti yake: kila kilicho protini kiwe kijani, kila kisicho protini, yaani dawa, kiwe chekundu. Akaiachia ipite kwenye faili zote.

Picha ya kwanza ilipofunguka, skrini nzima ilikuwa imetapakaa vitone vyekundu, kana kwamba mtu amepiga teke kopo la rangi. Akafungua ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo.

Alijilazimisha kusoma mstari wake kama mgeni. Kila kisicho protini kiwe chekundu. Akavitazama vile vitone. Vilikuwa maji. Protini huogelea ndani ya maji, na faili huyaorodhesha maji pia. Maji si protini. Kompyuta ilikuwa imemtii kikamilifu.

"Nilicheka peke yangu," anasema. "Nikasema, kumbe kosa si la mkono. Mkono umeandika sawa. Kosa ni la kichwa, na kichwa changu kipo, naweza kukirekebisha."

Aliongeza maneno machache: maji yafiche, chumvi ifiche, kinachobaki ndicho dawa. Kisha akaongeza na jingine, kwamba kila sehemu ya protini iliyogusana na dawa ipakwe kijani iliyokoza. Akabonyeza kwa ngumi, akaenda kunywa chai. Aliporudi, picha zote zilikuwa zimepakwa, zimehifadhiwa, zote za mpangilio mmoja. Mkuu alipopita mezani alizitazama moja baada ya nyingine, akaondoka.

Siku ya mkutano chumba kilijaa. Picha zilionyeshwa ukutani, nyekundu ndani ya kijani, na watafiti wakaanza kubishana kama kawaida yao, huyu anaisifu kemikali yake, yule anaiponda. Bi Rangi alikaa nyuma, kompyuta iliyorusha picha hizo ikiwa mapajani.

Aliyekuwa hasemi ni mtafiti mkongwe kuliko wote, ambaye vijana wanamwita Mzee Miwani. Ndiye aliyeianzisha kazi hii, na kura yake ilikuwa na uzito. Alisogea mbele, akasogea tena, mwisho akauliza: "Samahani. Dawa iko wapi?"

Watu walicheka wakidhani anaipiga kijembe kemikali iliyokuwa ukutani.

"Sitanii," alisema. "Naona kitu kimoja cha rangi ya udongo. Mimi tangu kuzaliwa nyekundu na kijani ni pacha, siwatofautishi. Miaka yote hii nimekuwa nikimwomba anayekaa karibu anionyeshe kwa kidole. Leo nimechoka kuomba."

Watu waliofanya naye kazi muda mrefu walitazamana. Mkuu wa kitengo alianza kusema kwamba mkutano uahirishwe, picha zitayarishwe upya, labda mwezi ujao.

"Msiahirishe," ilisikika sauti kutoka nyuma.

Bi Rangi alikuwa ameshafungua skripti yake. Alisoma kwa sauti huku akiandika, ili Mzee Miwani asikie. "Kijani nafuta, naandika buluu. Nyekundu nafuta, naandika chungwa. Mzee, buluu na chungwa unazitofautisha?"

"Hizo ndiyo."

Akausogeza mkono wa kulia. Ngumi ikakosa kitufe. Akausogeza tena, chumba kizima kikimtazama, hakuna aliyenyanyuka kumsaidia, na anasema mpaka leo anawashukuru kwa hilo. Mara ya pili ngumi ikatua.

Picha zilianza kubadilika, moja, nyingine, nyingine, mpaka zote. Ukutani, ndani ya protini ya buluu, dawa ikawaka rangi ya chungwa.

Mzee Miwani alisimama akausogelea ukuta hadi kivuli chake kikaangukia picha. Aliweka kidole penyewe, juu ya ile chungwa.

"Hii hapa," alisema. "Na imegusa hapa, na hapa. Jamani, hii imekaa vizuri. Mbona mlikuwa mnaiponda?"

Ubishi ukaanza upya, safari hii naye akiwemo, na sauti yake ikiwa juu kuliko zote. Kemikali mbili zilizokuwa karibu kuachwa zilibaki kwenye orodha. Bado zinafanyiwa majaribio, na hakuna anayejua kama zitakuja kuwa dawa.

Baada ya mkutano mkuu wa kitengo alimsubiri Bi Rangi mlangoni. "Nilikuwa nimemweka mtu," alisema.

"Najua."

"Kuanzia kesho atakuwa anakaa na wewe. Umfundishe hizo amri zako. Na mapokezi nitawaambia watafute mtu."

Bi Rangi anasema hakulia hapo pia. Alilia nyumbani, mumewe akamuuliza kama ile mashine imemgomea tena.

Leo skripti zake zinatumika katika kila chumba cha jengo hili. Mtafiti anaweka faili yake, anaandika jina la dawa, na picha inatoka imepakwa kwa rangi ambazo kila mtu anaziona. Bi Rangi ameamua kwamba buluu na chungwa ndizo ziwe za kuanzia, na anayetaka nyekundu na kijani aje aziombe mwenyewe. "Na aje na sababu," anasema.

Siyo kwamba mambo yote yamenyooka. Kuna asubuhi mkono wa kulia unakaza hadi unavuta shingo. Bado hawezi kufunga vifungo vya koti lake, mumewe humfungia kabla hajatoka. Dawa za presha atazimeza maisha yake yote, na akichoka maneno huanza kuteleza, hivyo jirani zake wa meza wamejifunza kumwacha anyamaze.

"Watu wananiambia nimepona," anasema. "Sijapona. Ninafanya kazi."

Sasa ana mpango mwingine. Hospitali anakofanyia mazoezi imekubali kumpa chumba kidogo siku za Jumamosi, na taasisi imeahidi kompyuta zilizoondolewa kwenye matumizi. Anataka kuwafundisha wagonjwa waliopoteza nguvu za mkono kuiamuru kompyuta kwa maandishi, si kwa ajili ya molekuli tu, bali kwa kazi yoyote inayoweza kuwarudisha kazini. Mwalimu amekubali kusimamia namna watakavyokaa. Mumewe ameshaanza kukata vitambaa vya mito.

Wiki hii, baada ya mazoezi, alipita kitanda kwa kitanda akiwaalika. Aliyekuwa makanika alikubali haraka. Karani mmoja alisema atafikiria. Katika kitanda cha dirishani alikuwepo msusi, mwanamke wa makamo ambaye vidole vyake vilijulikana mtaa mzima, na sasa vyote vya mkono mmoja vimelala juu ya shuka.

"Dada, mimi huko nitafanya nini?" msusi aliuliza. "Hiyo kompyuta hata kuiwasha sijui."

Bi Rangi aliketi ukingoni mwa kitanda. Aliuchukua mkono wa msusi uliolala, akavikunjua vidole kimoja kimoja kama alivyofundishwa, akakishika cha shahada.

"Kuiwasha ni kitufe kimoja," alimwambia. "Jumamosi utakibonyeza wewe."